Hata Mbwa Ana Jina

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana nikisema mtaniletea watu wa kuniuliza nilijuaje. Nchi yenyewe haina ubaya. Mipaka yake ilichorwa na mgeni mmoja aliyekuwa na njaa na anawahi chakula, ndiyo sababu upande wa magharibi imepinda kama mguu wa kiti kibovu. Ina bendera, ina wimbo, ina Mlezi Mkuu anayewalea watu wote isipokuwa wenye shida. Tena ina Jumba la Makumbusho, jengo la nguzo nyeupe, ambalo wananchi wameruhusiwa kulitazama bure wakiwa ng'ambo ya barabara.

Katika nchi hiyo, kijiji cha Mkorofwe, aliishi mchimba vyoo mmoja jina lake Sangija. Shule aliionja tu. Alipojua kuandika jina lake na kujumlisha, baba yake alimpa sululu, akamwambia hayo mengine atayakuta shimoni. Alikuwa mgane. Mkewe, Nyamizi binti Lubasha, alikufa kwa homa katika zahanati yenye picha ya Mlezi Mkuu kila chumba na isiyo na kidonge hata cha kichwa. Tangu siku hiyo Sangija hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote anayekalia kiti cha kuzunguka. Mvua ikichelewa, ni wao. Mvua ikizidi, ni wao. Kuku akitaga yai dogo, Sangija huliinua juani, akaligeuza, kisha akatazama upande wa mji mkuu na kutema mate. Watu walimcheka. Shida ni kwamba katika nchi ile, ukiwalaumu wakubwa kwa jambo lolote bila hata kufikiri, mara nyingi unakuwa umepatia.

Sasa, wanawake wa Mkorofwe wana desturi yao. Mavuno yakishaingia ghalani, mwanamke huenda mtoni akachimba udongo mwekundu, akauchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, akachora ukuta wa mbele wa nyumba yake kwa vidole. Mume hufukuzwa mpaka kazi iishe, kwa sababu inasemekana macho ya mume hukausha udongo kabla ya wakati. Kazi ikiisha, majirani huja kusimama mbele ya ukuta na kulitaja jina la mchoraji kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Basi, hakuna ngoma wala pilau. Jina tu. Ukuta ambao mwenyewe hajatajwa mbele yake huhesabiwa haujamalizika, hata ukipendeza namna gani. Na sauti ya mume haihesabiwi, maana mume anakula kwa huyo mwanamke, atasema nini?

Nyamizi aliuchora ukuta wake mwaka ule kama mtu aliyeambiwa kuwa hautakuja mwingine. Akamaliza, akaosha mikono, akasema anasikia baridi. Majirani waliokuwa wamejiandaa kuja kumtaja wakaja kumzika. Wakakubaliana kwamba matanga yakiisha watarudi wamalize shughuli ya ukuta.

Matanga hayajaisha, serikali ikafika.

*

Serikali ilifika na lori, misumeno na mpiga picha. Ilikuwa Wiki ya Kuokoa Urithi. Mkubwa wa msafara, kijana mwenye kofia ya chuma ingawa juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa mbingu, alimweleza Sangija kwamba ukuta ule ni hazina ya taifa na uko hatarini. Sangija akauliza uko hatarini kwa nani. Akajibiwa kwamba uko hatarini kwa nyumba. Eti nyumba iliyoushikilia ni chakavu, wakati wowote inaweza kuuangukia.

Wakaukata kuanzia msingi mpaka kwenye paa. Wakaufunga kwa mablanketi, na mablanketi yenyewe mapya, mazito, ya sufu, aina ambayo Nyamizi aliiomba pale zahanati akitetemeka akaambiwa haijawahi kufika wilaya ile. Wakaupakia taratibu kama wanambeba bibi harusi. Mpiga picha akamwomba Sangija atabasamu. Mpaka leo picha hiyo ipo, na ukiitazama utadhani ni ya mtu anayeng'olewa jino.

Nyumba ikabaki na kuta tatu. Sangija akiamka asubuhi, wapita njia humsalimia akiwa bado kitandani, naye inabidi aitikie. Mbuzi wa jirani walikuja kujikinga jua, wakazoea, wakawa hawaondoki hata wakifukuzwa. Jirani mwenyewe, Bi Holo, aliyekuwa shoga wa marehemu tangu usichana, alikuja kuwachukua mbuzi wake akasimama pale palipokuwa mlango.

"Shemeji, siku hizi sina haja ya kupiga hodi," alisema. "Nakuona kutoka kwangu mpaka unavyojikuna."

Sangija akamwambia kama haoni raha ageuze shingo. Bi Holo hakucheka. Alikaa chini, akaitazama ile nafasi ambako ukuta ulikuwa, upepo unaingia na kutoka.

"Tutamtaja wapi?" aliuliza. "Hatujamtaja, Sangija. Amekwenda kama mtu aliyefanya kazi ya kubahatisha. Tusimame tuutajie upepo?"

Siku iliyofuata Sangija alivaa shati lake la msibani, akaenda mji mkuu.

*

Mlinzi wa Makumbusho alimtazama viatu kwanza, kisha akamuuliza kama amekuja kutazama au kutazamwa. Sangija akasema amekuja kudai. Mlinzi akasema dirisha la kudai limefungwa tangu uhuru, lakini kwa kuwa siku ile kulikuwa na mvua ya rasharasha na mlinzi ni mtu mwenye utu, akamwacha apite.

Jumba lile lina sehemu mbili. Juu, penye madirisha na taa za kung'aa, pameandikwa SANAA. Humo mna picha zilizochorwa na wageni waliowahi kupita nchini: maofisa wa zamani, wake zao, binti zao waliokuja likizo wakaugua malaria wakapewa rangi wasichoke. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya mlima wa kwao akina Sangija. Mlima umeegemea kushoto kama mlevi anayetafuta mlango. Chini yake pana bango la shaba, na Sangija akalisoma polepole kwa kidole. Lilisema kwamba mchoraji ni Bibi Ofelia Grantham, mke wa Bwana Mkubwa wa wilaya. Likataja alikozaliwa, alikosoma, ugonjwa uliomsumbua, chakula alichokipenda, na kwamba muda wote wa kuchora alikaa na mbwa wake mpendwa, Pompi. Ndani ya picha yupo mtu mweusi amejitwika sanduku la rangi kichwani. Bango likasema: mpagazi.

Sangija akamtazama sana yule mpagazi. Alifanana na babu yake. Inawezekana hakuwa yeye. Inawezekana alikuwa yeye. Nani atajua? Pompi ndiye anayejulikana.

Chini, ukishuka ngazi mpaka kwenye giza linalonuka dawa ya mchwa, pameandikwa MILA. Humo ndimo walimowekwa weusi wote wa nchi ile ya weusi. Vinyago, vyungu, vigoda, milango ya kuchonga, vitu ambavyo mtu aliviinamia mpaka mgongo ukapinda, vimepangwa kama bidhaa za duka lililofilisika, na kila kimoja kimeandikwa jina la kabila. Katikati, ndani ya kioo, Sangija akaukuta ukuta wa nyumba yake. Hata tundu la msumari aliokuwa akitundikia kofia lilikuwepo. Kikaratasi kilisema: *Ukuta. Wadungwe. Fundi hajulikani. Wa kale sana.*

Udongo ule ulikuwa haujamaliza hata msimu mmoja.

*

Mkurugenzi wa Makumbusho aliitwa Daktari Theofili Rukonge. Alikuwa mweusi kama Sangija, na alikuwa amekaa ng'ambo miaka mingi kusomea namna ya kutomtambua. Kiti chake kilizunguka. Sangija alikiona kile kiti, akajua safari itakuwa ndefu.

Alieleza shida yake vizuri, bila matusi, jambo lililomgharimu. Fundi anajulikana. Ni mke wake. Anaitwa Nyamizi binti Lubasha. Hataki kurudishiwa ukuta, ingawa mbuzi wanamsumbua. Anataka jina liandikwe, na majirani waruhusiwe kuja kulitaja mbele ya ukuta, ili kazi ya marehemu ihesabiwe imekwisha.

Daktari Rukonge alimsikiliza akiwa amefumba macho, kama msomi. Kisha akamweleza kwa upole kwamba kuna kosa la uelewa. Mtu mweusi mmoja mmoja hachori. Hajawahi kuchora. Kinachochora ni kabila. Kabila huamka asubuhi, huchukua udongo, huchora, hulala. Ni jambo lililothibitishwa na vitabu vingi, na vyote ameviagiza kwa fedha za umma.

"Kabila lilikuwa limelala siku hiyo, bwana mkubwa," Sangija alisema. "Nilimwona yeye peke yake mtoni."

"Mzee wangu, tukianza mambo ya majina, kesho kila chungu humu ndani kitadai mama yake."

"Hata mbwa ana jina. Huko juu."

"Pompi ana kumbukumbu kamili," alisema Daktari Rukonge, na kwa mara ya kwanza akaonekana kukasirika.

Hata hivyo serikali ile si ya kumfungia mtu milango. Upo utaratibu. Mchoraji mweusi anaweza kutambuliwa akiwa tayari ametambuliwa ng'ambo. Ng'ambo watamtambua wakimkuta kitabuni. Kitabuni ataingia akiwa na jina ndani ya Makumbusho. Na katika Makumbusho jina lake litawekwa pindi tu atakapokuwa ametambuliwa. Daktari Rukonge aliusema utaratibu huu huku kiti chake kikizunguka, na alipomaliza alikuwa ametazama palepale alipoanzia.

Kuhusu majirani kuja kutaja jina, akanyoosha kidole ukutani. Kilikuwepo kibao: KIMYA.

Basi Sangija akatoka, lakini hakuondoka. Akaketi kwenye ngazi za mbele, katikati ya nguzo zile nyeupe, na kila aliyepanda alimwambia: mwenye ukuta mwekundu anaitwa Nyamizi binti Lubasha, ukifika mtaje. Wageni walidhani ni mwombaji wakamtupia vijisenti. Wenyeji walidhani ni kichaa wakampisha. Walimu walioleta wanafunzi waliwaambia wazibe masikio. Hakuna aliyemtaja. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wamefundishwa, na kufundishwa kulikuwa kumewaingia.

*

Siku moja likaja gari refu, likamshusha Profesa Hasselbom kutoka ng'ambo. Huyu alikuwa ndiye mtu anayejua watu weusi wamefanya nini, na watu weusi wakitaka kujua wamefanya nini huenda kumuuliza. Alipita mbele ya Sangija bila kumwona, akashuka mpaka MILA, akasimama mbele ya ukuta.

Akapiga magoti. Akatoa leso. Akalia mpaka mkalimani wake akalazimika kulia pia, maana ndiyo kazi yake. Halafu akainuka akatamka kwamba hii si kazi ya kabila. Ni kazi ya mtu mmoja. Ni kazi ya mtu mmoja mkuu kupindukia, wa kuwekwa meza moja na wakuu wote wa dunia, na yeye, Hasselbom, ameuvumbua ukuta huu leo kabla ya chakula cha mchana. Na kwa jinsi mistari ilivyo na nguvu na mpangilio ulivyo na akili, ni dhahiri mchoraji ni mwanamume. Kwa kuwa jina lake halijulikani, angempa jina. Akafumba macho kidogo, akampa: Bwana wa Ukuta Mwekundu.

Kufikia jioni nchi nzima ilikuwa inasherehekea. Watu ambao jana wangekuonyesha mlango ukiwaambia mtu wa Mkorofwe anaweza kuchora, leo walikuwa wanasema wao walijua siku zote. Redio ikapiga wimbo wa taifa kwa kinanda. Mlezi Mkuu akatoa hotuba ya kuwapongeza wavumbuzi. Kisha kukaja habari kwamba wakubwa wa ng'ambo watakuja wenyewe kumvika nishani Bwana wa Ukuta Mwekundu, na hapo Baraza la Mawaziri likakumbuka kwamba halina Bwana.

Wizara ya Kutambua Watu ikafungua Sheria ya Kaya. Sheria ile haina utata: kila kilichotengenezwa ndani ya nyumba kimetengenezwa na mkuu wa nyumba, pamoja na uji na watoto. Ukuta umetoka nyumba ya nani? Ya Sangija. Sangija yuko wapi?

Yuko kwenye ngazi.

*

Safari hii Daktari Rukonge hakukaa. Alimkalisha Sangija kwenye kile kiti, akamsogezea chai yenye maziwa, akamwita "Bwana". Sangija alipojaribu kukaa sawa kiti kikamzungusha akatazama dirishani, ikabidi arudishwe na makarani.

Akaambiwa habari njema. Akasema yeye anachimba vyoo. Daktari Rukonge akacheka kwa heshima, akasema unyenyekevu ndio alama ya wasanii wakubwa.

"Sijawahi kuushika ule udongo," alisema Sangija. "Nilifukuzwa. Uliza kijiji kizima, mume hafiki."

Daktari Rukonge akasema hilo litaandikwa kitabuni kama kipindi cha upweke wa msanii.

Ndipo zikaja ahadi. Serikali ingemjengea Sangija ukuta wa nne, wa matofali ya kuchoma, wenye dirisha la kioo. Ingempa paa la bati. Mbuzi wangehamishwa kwa amri ya mkuu wa wilaya. Na marehemu naye asingesahaulika hata kidogo: bango lingesema kwamba Bwana wa Ukuta Mwekundu alikuwa na mke, mpishi mzuri.

"Mke gani?" Sangija aliuliza.

"Mke. Bango lenyewe dogo, Bwana. Majina hayataenea."

Naomba msomaji asidhani kwamba Sangija aliruka juu kwa hasira palepale, kama watu wa kwenye tamthilia. Alikuwa amelala nje ya nyumba akiwa ndani ya nyumba. Masika yalikuwa yameshaingia, na Bi Holo alikuwa amemtumia salamu kwamba paa upande wa mbele linainama. Alikunywa chai mpaka mwisho. Alifikiria dirisha la kioo. Alifikiria kukaa ndani akijikuna bila kusalimiwa. Kisha akamfikiria Nyamizi anavyotoka mtoni na karai kichwani, udongo unamchuruzika mpaka shingoni, anamwambia, wewe ondoka hapa, nenda kakae kwa watu.

Akauliza kama siku hiyo ya nishani kutakuwa na kipaza sauti. Daktari Rukonge akasema vipo vingi, tena vikubwa. Akauliza kama majirani wa Mkorofwe wataletwa. Akaambiwa wanawake wote wataletwa kwa malori, kwa sababu shughuli haiwezi kukosa wa kupiga vigelegele.

"Basi nitakuja," alisema Sangija.

*

Wanawake wa Mkorofwe walivikwa khanga zenye uso wa Mlezi Mkuu mbele na nyuma, wakasimamishwa kando ya jukwaa kama maua. Walipewa bwana mmoja wa wizara aliyeshika kitambaa cheupe: akikiinua, wapige vigelegele, akikishusha, wanyamaze. Waliwekwa pia askari wa kusimama katikati yao, kwa ajili ya usalama wao. Ukuta ulikuwa umepandishwa kutoka kule gizani ukawekwa nyuma ya jukwaa. Bi Holo alipouona alishika mdomo.

Mlezi Mkuu akahutubia. Alisema kwamba kwa karne nyingi mtu mweusi alidharauliwa, akaambiwa hana sanaa, hana jina, hana mkono wake mwenyewe. Alisema yeye binafsi jambo hilo lilikuwa linamkosesha usingizi. Alisema dhuluma hiyo imekoma leo, saa hii, chini ya uongozi wake, na atakayefufua dhuluma hiyo atakiona. Kitambaa kikainuliwa. Vigelegele. Kikashushwa. Akaendelea kwa muda ambao watoto waliokuja wamenyonya walilia njaa. Kisha Profesa Hasselbom akamvika Sangija nishani, akambusu mashavu yote mawili, na mkalimani akambusu tena kwa kutafsiri.

Sangija akapewa hotuba yake. Ilikuwa maneno mawili: Asante, Mlezi. Alikisogelea kipaza sauti.

"Huu ukuta umechorwa na Nyamizi," alisema. "Nyamizi binti Lubasha. Mke wangu. Mmemkata ukuta wake kwa msumeno mkampa mwanamume asiyekuwepo. Alikuwa na homa akaomba blanketi hamna. Ukuta wake ukapata mablanketi. Mimi..."

Hapo kipaza sauti kikazimwa. Lakini mtu aliyezoea kuzungumza na walio juu yeye akiwa chini ya shimo la choo hahitaji mashine. Aliwageukia wale wanawake, mishipa ya shingo imesimama.

"Majirani. Sauti yangu haihesabiwi, mnajua. Ukuta huo hapo. Nimewafikisha. Mtajeni."

Bwana wa kitambaa hakujua akiinue au akishushe, kikabaki katikati. Wanawake wakawatazama askari. Askari wakazitazama bunduki, kana kwamba na wao wamezikuta tu mikononi. Bi Holo akajaza pumzi, akafungua kinywa, na ile herufi ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ndipo mkuu wa itifaki, mtu mwenye akili, akaiashiria bendi, ikapiga wimbo wa taifa. Katika nchi ile, anayetoa sauti yoyote wakati wa wimbo wa taifa hufungwa yeye na ukoo wake. Bi Holo akaufunga mdomo. Machozi yakamtoka akiwa amesimama wima kama sheria inavyotaka, nao wakaupiga wimbo ule ukaisha, wakaurudia, wakaurudia tena, mpaka Sangija akawa ameshaburutwa na kufungiwa garini na nishani yake shingoni.

Wageni wa ng'ambo walipiga makofi kwa nguvu. Profesa Hasselbom aliandika kwamba amebahatika kushuhudia ibada ya kale.

*

Sangija alishtakiwa kwa kosa la kujifanya mume wa msanii ilhali msanii ni yeye. Akahukumiwa kifungo. Lazima tuseme kwamba serikali haikumdanganya kabisa: kuta nne alipata.

Lakini jambo halikuisha. Kule mjini watu wakaanza kunong'ona. Nyamizi ni nani? Polisi wakaanza kukamata wanaonong'ona, na hapo ikatokea shida ya kisheria, maana nchi ile inajivunia utawala wa sheria kuliko kitu chochote. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutaja jina ambalo hajaambiwa ni marufuku kutajwa. Baraza likakaa. Waziri mmoja akapendekeza wapige marufuku jina Nyamizi, basi. Akakumbushwa kwamba mama mkwe wa Mlezi Mkuu naye ni Nyamizi. Ikabidi sheria imtaje yule hasa anayekatazwa, kikamilifu, asichanganywe na mwingine. Tena itaje ni uongo gani hasa ambao watu wamekatazwa kuusema. Tena isomwe kwa sauti palepale mbele ya ukuta, kila asubuhi kabla wageni hawajaruhusiwa kusogea, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Na kwa uzito wa jambo lenyewe, isisomwe na karani. Asome Mkurugenzi mwenyewe.

Bi Holo alikwenda gerezani kumpelekea Sangija viazi vitamu. Askari magereza alivikata kila kimoja kutafuta silaha, akala vilivyokatika vizuri. Waliongea kupitia matundu ya wavu. Bi Holo alikuwa ametokea Makumbusho. Alipanga foleni na wageni, na wenzake kadhaa wa Mkorofwe, wamevaa zile khanga za Mlezi Mkuu ili wasizuiwe.

"Ametoka Rukonge na suti," alieleza. "Amesimama mbele ya ukuta kabisa, karibu kama mimi na wewe. Amekohoa. Kisha amesoma: *Ni marufuku kwa mtu yeyote kusema kwamba ukuta huu ulichorwa na Nyamizi binti Lubasha wa Mkorofwe.* Kwa sauti, shemeji. Jina lote."

Sangija alishika wavu.

"Wewe ulifanya nini?"

"Nitafanya nini? Niliwatazama wenzangu. Mama yake Limi akawa analia. Tukasimama mpaka akamaliza, tukaondoka."

"Rukonge si jirani."

"Wazee wa zamani hawakusema lazima awe jirani wa nyumba. Walisema asiwe mume." Bi Holo akasogeza uso kwenye wavu. "Na kesho anasoma tena. Na keshokutwa. Ametajwa mwanamke gani hivyo pale kwetu? Umekwisha, Sangija. Ukuta umekwisha."

Angekuwa mtu mwingine pengine angelia, au angecheka, au angeshukuru. Sangija aliutazama ukuta wa gereza, saruji mbichi, hauna hata alama ya kidole. Akamkumbuka yule bwana kwenye kiti chake, na zile ngazi, na watoto walioambiwa wazibe masikio. Taya zilimkaza mpaka askari akasogea.

"Anasoma kwa sauti gani?" aliuliza.

"Ya kawaida. Ya ofisini."

"Nenda kashitaki," alisema Sangija. "Mwambie waziri kuna watu walikuwa nyuma hawakusikia. Sheria ni sheria. Apaze sauti."